Safu ya Tatu Ndiyo Mtihani: Kusoma Umbo la Magari ya Familia, Tabora na Kwihara

Mhakiki wa fasihi hutazama fani na maudhui kwa pamoja. Muuza magari anakupa maudhui peke yake. Ukiingia yadi yoyote utaambiwa injini haijafunguliwa, mafuta inakunywa kidogo, kiyoyozi kinapuliza, gari lilikuwa la mtu mmoja. Kisha unafunguliwa mlango wa dereva, unakaa, unashika usukani, na hapo mnaanza kuzungumza bei. Mlango wa nyuma hakuna anayekufungulia. Ilhali gari la familia limetengenezwa kwa ajili ya watu wa nyuma. Dereva ni mmoja; wao ni wanne, sita au saba, na hao ndio watakaoshuka wakilalamika viuno.

Nataka kuyasoma magari haya kama umbo, na kuyasomea Tabora. Sababu yangu ni nyepesi: huku gari la familia halibebi familia tu. Mwenye gari akienda Kwihara kwenye msiba au arusi, ambako ni kilomita chache tu kutoka mjini, atampitia shangazi, atampitia jirani, watoto watadandia, na wakati wa kurudi kuna madumu ya asali na embe za kiroba. Safari fupi, gari limeshiba. Mazingira kama hayo ndiyo yanayotoboa siri ya gari lililochorwa kwa ajili ya watu wanne wanaokwenda dukani.

Kwihara yenyewe ina umbo la kutufundisha kusoma. Wageni huenda kuona tembe la Livingstone. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alifika pale tarehe 23 Juni 1871 akiwa na mizigo yake ya vitambaa na shanga. Alirudi na Livingstone kutoka Ujiji mwezi Februari 1872, akamwacha hapo mwezi Machi, na mzee akakaa akisubiri wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Historia hiyo inajulikana, nami siirudii. Ninaloomba ni kwamba ukisimama pale utazame juu, kwenye paa.

Paa la tembe ni bapa: miti imelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake udongo. Sasa fikiria kazi ya mjenzi. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa mti unaobeba paa, na udongo ni mzito, kwa hiyo hata mti mrefu hauaminiki. Upana umekwisha kuamuliwa kabla hajachimba msingi. Kilichobaki mikononi mwake ni mpangilio: chumba kirefu chembamba, kingine pembeni yake, kisha nyumba inakunja kona na kuzunguka ua. Vyumba ni vyembamba lakini ndani mtu habanwi, maana kila mlango unatazama uwani na uwani ndiko watu wanakoishi. Mjenzi ameshindwa na mti, akaushinda kwa mpangilio.

Magari tunayonunua nayo yana mti wake, ila ulikatwa Japani. Huko sheria imeweka daraja la magari madogo: upana usizidi mita 1.7, urefu mita 4.7, kimo mita 2, injini cc 2,000. Gari likivuka kipimo kimojawapo linahamia daraja la juu. Ndiyo sababu Toyota Ist ya kwanza iliyotoka 2002, Wish iliyotoka 2003, Noah ya zamani ya 1996 na Noah iliyoifuata mwaka 2001, katika matoleo yake ya kawaida, zote zina upana uleule: milimita 1,695. Zimesimama milimita tano kabla ya mpaka. Anayekwambia Noah ni pana kuliko Ist anasema anachohisi. Futi kamba inasema vingine. Mabega ya mtu mzima yanakaribia nusu mita, watatu wakikaa bega kwa bega wanadai mita moja na nusu, na ukishatoa unene wa milango miwili hesabu hiyo haitimii katika gari lolote kati ya hayo. Wa katikati atakaa upande upande. Atakaa hivyo ndani ya Ist, na atakaa hivyo ndani ya Noah.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye kimo, na iko kwenye mahali injini ilipolala.

Ist tuimalize upesi. Ni gari aminifu kwa umbo lake: viti vitano, buti dogo, haikuahidi zaidi. Ukiijaza watu wanane, makosa ni yako. Inayohitaji kusomwa kwa makini ni Wish, kwa sababu Wish imeahidi.

Kwenye kadi ni gari la watu saba, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,750, ambao unaipita hata Noah ya zamani yenye 2,715. Mtu wa namba angesema Wish ina nafasi zaidi. Lakini kimo chake ni milimita 1,590 tu, karibu sentimita 30 chini ya Noah, na hizo sentimita 30 ndizo safu nzima ya tatu. Ingia uone. Kwanza huna mlango wako. Lazima mtu wa safu ya kati ashuke, kiti chake kikunjwe na kusogezwa, nawe upite umeinama kama anayeokota sindano. Ukishakaa, sakafu imepanda kukufuata, maana chini yako ndiko liliko gurudumu la nyuma na vyuma vyake. Kiti nacho hakikuweza kupanda, kwa kuwa paa linashuka. Sakafu juu, kiti chini: magoti yanakuja kifuani. Mapaja yanaachana na sponji. Uzito wote wa mwili unaangukia kwenye ile mifupa miwili ya makalio, na mtu mzima hawezi kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kuanza kuhamisha uzito kutoka upande huu kwenda upande ule. Hayo magoti yaliyopanda ndiyo alama ya kwanza ya kiti kibaya, na unaweza kuyaona kupitia kioo cha gari linalokupita barabarani.

Kuna la pili, nalo muuzaji halisemi kamwe. Safu ya tatu ya Wish ikisimama, buti linabaki upenyo. Ikilala, buti linakuwa la maana. Maana yake ni kwamba abiria wa sita na wa saba wanakaribishwa kwa sharti la kutokuwa na mizigo. Hebu nionyeshe mtu wa Tabora anayesafiri bila mzigo. Kwa hiyo mimi ninaisoma Wish hivi: ni gari la watu watano, lenye nyongeza ya watoto wawili wa shule ya msingi kwa mwendo mfupi. Kama gari la watano ni zuri sana. Safu yake ya kati ina nafasi ya miguu ambayo Ist haiwezi kuiota. Dosari yake ni ile namba saba.

Noah ya zamani ilichukua njia nyingine kabisa. Injini iko chini ya viti vya mbele. Fundi akitaka kuiona anainua siti, na wewe unashangaa kwamba umekuwa ukiendesha umeikalia. Faida yake kwa umbo ni kubwa: pua ya gari haina kazi, imekatwa fupi, na urefu wote uliobaki ni mali ya abiria. Kwa urefu wa nje wa gari dogo unapata safu tatu ambazo kila moja inaweza kubeba mtu mzima aliyeketi wima, kichwa hakigusi paa, miguu inashuka chini kama miguu inavyotakiwa kushuka.

Gharama imelipwa mbele. Siti za mbele ziko juu ya joto. Kiangazi cha Tabora, mwezi wa kumi kabla mvua hazijashuka, ukiongeza joto la injini chini ya mapaja na kava la ngozi bandia ambalo fundi siti amelishona juu ya kitambaa cha Kijapani kilichokuwa kinapumua, kiti cha mbele kinakuwa adhabu. Ndipo utaona jambo ambalo mchoraji wa Japani hakulikusudia: cheo kinahama. Kwetu mkubwa hukaa mbele. Lakini msikilize shangazi anapofunguliwa mlango.

"Shangazi, wewe kaa mbele."

"Mbele kuna joto, mwanangu. Niweke hapo kati nikae na watu."

Ana haki, na sababu zake ni mbili ingawa ametaja moja. Safu ya kati ya Noah imekaa takriban katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari likipita kwenye shimo, pua inainuka kisha mkia unainuka, lakini katikati panatikisika kidogo kuliko ncha zote mbili. Aliye juu ya gurudumu la nyuma ndiye anayerushwa. Kiti bora cha gari la safu tatu ni cha safu ya pili, na heshima ya kumketisha mzee mbele inafaa kufikiriwa upya, angalau kwenye barabara za udongo.

Katika baadhi ya matoleo ya Noah hiyo, siti za safu ya pili zinazungushwa zikatazamana na za safu ya tatu. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu hilo ni tendo la kiumbo ambalo magari mengi hayakulithubutu. Gari la kawaida limepanga watu kama wanafunzi darasani: wote wanatazama mbele, kila mmoja anaona kisogo cha mwenzake, mazungumzo yanapigwa kwa kugeuza shingo. Ukizungusha siti, mbele ya gari haina maana tena. Katikati panazaliwa ua, na watu wanautazama. Ni suluhisho la tembe lenyewe: upana haukuongezeka hata sentimita moja, lakini mpangilio umebadilika na nafasi imeonekana. Lina kasoro zake. Magoti yanagongana, na wapo wanaoshikwa na kichefuchefu wakisafiri kinyumenyume. Gari likiwa limesimama chini ya mwembe, watu wanasubiri arusi ianze, sijui mpangilio mzuri kuliko huo.

Noah iliyotoka 2001 ilihamisha injini mbele na kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Shafti ndefu iliyokuwa inapita chini kwenda nyuma ikaondoka, isipokuwa kwenye zile za magurudumu yote manne, na sakafu ikashuka. Hili la sakafu ni kubwa kuliko linavyosikika. Bibi wa miaka sabini haulizi sponji ni laini kiasi gani, anauliza ataingiaje. Kwenye ya zamani anapanda, anashikwa mkono, anasukumwa. Kwenye hii anaingia kwa hatua moja, na milango ya kuvuta iko pande zote mbili. Umbali kati ya magurudumu ukawa milimita 2,825, na ongezeko hilo limekwenda miguuni mwa watu.

Sisemi haina makosa. Safu yake ya tatu inakunjwa na kuning'inizwa ubavuni, kushoto na kulia; unapata pa kuweka mizigo lakini unapoteza madirisha, na upana wa buti unaliwa na viti vilivyoning'inia. Watu wanane wakikaa wote, nyuma yao gunia haliingii. Ndiyo sababu Noah nyingi zimefungwa keria juu. Keria ni sahihisho ambalo msomaji ameliandika pembeni ya kitabu: mchoraji alisahau mzigo, sisi tukaukumbuka.

Sasa viti vyenyewe. Watu wengi hupima kiti kwa kukibonyeza na kiganja, na kiti laini kinashinda kila mara. Ulaini wa namna hiyo unadanganya. Mwili uliokaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaojirudia kama mara nne hadi nane kwa sekunde. Hapo tumbo na uti wa mgongo vinacheza pamoja na gari badala ya kulipinga. Kiti kizuri kina kazi ya kuukata mtikisiko huo kabla haujafika mgongoni, na kazi hiyo inataka sponji nene yenye ukinzani, iliyobebwa na springi zisizolegea. Sponji laini sana inashuka mpaka chini, kisha unakalia chuma. Kwenye yadi, kwa dakika tano, hutajua. Utajua ukiwa njiani kwenda Nzega. Na gari lililotumika kwa miaka 20 lina sponji ya dereva iliyochoka, ya abiria wa mbele iliyochoka nusu, na ya safu ya tatu ambayo mara nyingi ni mpya, kwa kuwa Wajapani hawakuikalia. Usidanganyike na upya huo. Kwenye Wish sponji ya safu ya tatu ilikuwa nyembamba tangu kiwandani.

Magari mengine nitayagusa tu. Probox, iliyotoka 2002, ni gari la kazi, na sheria ya Japani inataka gari la mizigo liwe na eneo la mzigo kubwa kuliko la abiria. Kwa hiyo siti ya nyuma imesukumwa mbele, imesimama wima, nyembamba, na kwenye matoleo ya chini haina hata pa kuegemeza kichwa. Mhusika mkuu wa Probox ni mzigo wa kilo 400. Abiria wa nyuma ni mhusika mdogo, na springi ngumu za nyuma zinamkumbusha hivyo gari likiwa tupu. Huko Kanda ya Ziwa Probox inabeba watu kama mchomoko, yaani teksi ya abiria wa pamoja, na inapendwa kwa ubishi wake barabarani. Mgongo hauipendi.

Land Cruiser mkonga, ile yenye mabenchi mawili marefu yanayotazamana nyuma, ina ua kama Noah iliyozungushwa, lakini watu wamekaa ubavu kwa mwendo. Dereva akikanyaga breki wote wanamwangukia aliye karibu zaidi na dereva. Alphard ya 2002 ndiyo iliyouvunja mti: upana wake karibu mita 1.8, nje ya daraja dogo. Katika toleo la viti saba, safu ya pili ina viti viwili vikubwa vya mikono kama vya sebuleni. Ni raha ya kweli, kwa watu wawili. Kiti cha mtu wa tatu kimeliwa na raha hiyo, naye amepelekwa nyuma. Ni gari la bosi linalosingizia kuwa la familia.

Raum ya 2003 inastahili sifa kuliko inavyopewa. Upande wa kushoto haina nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma; ukifungua yote miwili ubavu mzima uko wazi, na kwa kuwa nasi tunaendesha kushoto, uwazi huo unaangukia upande wa watembea kwa miguu. Kumwingiza mgonjwa au mzee mwenye fimbo hakuna gari la bei yake linaloishinda. Ina viti vitano tu na haijidai.

Njia ya kale ya misafara iliyopita Tabora iliwahi kuona usafiri wa raha kuliko magari yote hayo. Mpelelezi Burton, aliyefika Tabora pamoja na mwenzake Speke Novemba 1857, alishikwa na ugonjwa wa miguu mwanzoni mwa 1858 akabebwa kwenye machela mpaka Ziwa Tanganyika. Alilala, mtikisiko ulikatwa na mabega ya watu. Nimeitaja machela kwa sababu inauweka wazi mgawanyo ambao gari linauficha kwa kava na kapeti: raha ya mmoja imebebwa na mwingine. Ndani ya Wish iliyojaa, anayebeba ni aliye safu ya tatu. Ndani ya Ist ni mama wa katikati aliyepakata mtoto, na huyo mtoto hana mkanda, na mama mwenyewe ana wa kiunoni, ama hana. Tunawalazimisha makondakta wa daladala kwenda levo siti, halafu gari la nyumbani tunaruhusu watoto watatu mapajani kwa kuwa ni wetu.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: gari la familia lihukumiwe kwa kiti chake kibaya kuliko vyote. Kwa kipimo hicho Noah ya 2001 inaongoza, kiti chake kibaya kikiwa kile cha katikati safu ya nyuma, ambacho mtu mzima anakivumilia mpaka Nzega. Noah ya zamani inafuata, ikiangushwa na joto la mbele na ngazi ya mlangoni. Raum ni ya tatu, na ni ya kwanza kwa nyumba ya watu watano yenye mzee. Wish ni ya nne ukiinunua kama gari la watu saba.

Ukienda yadi, mpe mwenzako usukani. Wewe ingia safu ya mwisho, kiti cha katikati, viatu miguuni, mfuko wako mapajani, milango ifungwe, kisha mwombe muuzaji gari litolewe kwenye lami na kupitishwa njia ya udongo kwa nusu saa. Akikataa, nenda yadi nyingine.